Mkate wa Yunia na Birika la Kanisa

Kama uliwahi kununua mkate kwa Yunia Omwenga pale Kapsoit, kati ya mwaka wa tisini na tatu na tisini na sita, basi uliwahi kutukanwa. Hakuna aliyeponyoka. Alimtukana mwalimu mkuu, akamtukana daktari wa mifugo, akamtukana bwana harusi siku ya harusi yake kwa sababu alikuja kuchukua mikate na mikono ina grisi ya baiskeli. Mimi nilikuwa na cherehani yangu katika chumba kilichopakana na chake, na ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao zilizoachana, kwa hivyo niliyasikia yote bila kuacha kushona. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani namsimulia malaika.

Mkate wake haukuwa na karatasi. Mikate ya dukani ilikuja na gari kutoka mjini, imefungwa vizuri, imekatwa vipande, ya mraba. Wa Yunia uliokwa ndani ya mikebe ya mafuta ya kupikia, ile ya kilo mbili, ukatoka mrefu, wa duara, kichwa kimevimba na kuinamia upande mmoja. Ganda lake lilikuwa la kahawia na gumu. Ndani ulikuwa laini, wenye matundu, na uchachu kidogo uliokufanya umeze mate kabla hujatafuna. Ukiuchovya kwenye chai ya maziwa haukuvunjika na kuzama chini ya kikombe. Watu wa Kapsoit, ambao chai ni kazi yao na chakula chao pia, walilijali jambo hilo kuliko mahubiri.

Mlango ulifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na kufikia saa mbili mikate imekwisha. Ukichelewa, shauri yako. Hakukata nusu, hakukata robo, hakumwekea mtu, na hakuuza mkate ungali moto, kwa maana alisema mkate moto ukikatwa unalia. Foleni ilipita mbele ya mlango wangu, na kama ningekuwa mtu wa kuandika, ningeandika kila kitu kilichosemwa pale.

Kulikuwa na Seth, karani wa shamba moja la chai, mtu wa kutoka kando ya ziwa, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni hata siku ya mapumziko. Seth, aliyemwita Yunia kwa jina la binti yake, alikuwa na malalamiko yake ya kila wiki.

"Mama Nyamoita, huu mkate wa duara mtu anaupaka siagi vipi? Kisu kinazunguka tu."

"Seth, mdomo wako ni mraba?"

"Hapana."

"Basi kula."

Na kulikuwa na Chelimo, mke wa Mzee Johana, mwanamke mnene mcheshi ambaye hangeweza kununua mkate bila kubonyeza mikate yote iliyokuwa mezani. Alianza wa kwanza hadi wa mwisho, kisha akarudi kuchukua wa kwanza.

"Chelimo, hiyo si titi ya ng'ombe," Yunia alimwambia kila siku. "Hata ukamue namna gani, maziwa haitatoka."

"Nimekamua ng'ombe nne nikikuja hapa," Chelimo alijibu. "Mkono imezoea. Vumilia."

Walipendana wale wawili, ingawa ungewasikiliza tu ungeita polisi.

Mzee Johana mwenyewe alikuja mara chache, na alipokuja foleni ilijinyoosha. Alikuwa mzee wa kanisa la pale kilimani, mwenye shamba la chai la ekari tatu na koti jeusi alilolivaa hata jua likiwaka. Alikuwa na miaka thelathini bila kuonja pombe, na hungemaliza dakika tano naye kabla hajakwambia. Ila tumbo lake lilimsumbua. Mkate wa dukani ulimjaza gesi, chapati zilimchoma, na ugali wa jioni ulimnyima usingizi. Mkate wa Yunia pekee ndio ulioshuka na kutulia. Basi Jumapili moja alisimama mbele ya kanisa akashuhudia kwamba Bwana amemponya tumbo kwa mikono ya huyu mama. Wazee wakakubaliana kwamba mkate kama huo ndio unaofaa meza ya Bwana. Tangu hapo, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ulikatwa vipande vidogo na kupitishwa kwa sinia. Kikombe kilikuwa cha juisi ya zabibu ya chupa iliyotiwa maji mengi, kwa sababu divai ni dhambi.

Sasa niseme Yunia alitoka wapi, maana bila hilo hutaelewa kilichomkata maini.

Alikuja kama bibi harusi kutoka Kisii, akimfuata Omwenga, aliyefanya kazi kiwandani mahali pa kukaushia majani mabichi. Waliishi kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja na jiko. Omwenga alipofariki, kampuni ilitaka nyumba yake, na shemeji zake huko nyumbani walikuwa tayari wamepanda mahindi mpaka kwenye mlango wa kibanda chake. Akabaki na binti mmoja, Nyamoita, na ujuzi mmoja, busaa, ile pombe ya wimbi na mahindi. Alipika busaa kwa miaka sita, na wanywaji wanasema hadi leo haijapikwa nyingine. Kisha akashikwa, akafungwa miezi sita.

Gerezani alipelekwa jikoni. Mfungwa mwenzake mmoja, mama mzee aliyewahi kupikia mabwana wakubwa wa mashamba ya chai, akamfundisha kuoka. Alipotoka aliokoka, akatafuta fundi wa kuchomelea akaunganishiwa mapipa mawili, akayalaza chali, akayafunika kwa udongo wa kichuguu, na hiyo ndiyo ikawa tanuri. Kuni alichukua zile za michai iliyopogolewa, ambazo huwaka taratibu na kuacha makaa mazuri.

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja, na alikisema wazi. Alitaka kuitwa Mama Mkate mpaka azikwe. Alikuwa ameitwa Mama Busaa na watoto wa shule, na makarani, na hakimu. Nyamoita aliwahi kuitwa hivyo hivyo, mtoto wa Mama Busaa, akaacha shule kwa muhula mzima. Na tusijidanganye, ilikuwa miaka mibaya. Baada ya mambo ya tisini na mbili, majirani walipochomeana nyumba kwa ajili ya kabila, sisi tuliotoka upande wa magharibi tulikuwa tumejifunza kutabasamu kabla hatujaulizwa jambo. Mtu wa kutoka kwetu aliyesemwa vibaya pale sokoni hakuwa na muda mrefu wa kujieleza. Yunia aliwatukana wateja wake kwa sababu alikuwa amefika mahali ambapo angeweza kumtukana mtu na mtu huyo akarudi kesho. Hiyo ilikuwa heshima yake yote.

Nilikuwa nalijua jambo moja lingine, mimi peke yangu. Mkate wake haukuumuliwa kwa hamira ya dukani. Nyuma ya chumba, chini ya meza, kulikuwa na chungu. Alipotoka gerezani alikikuta kwenye vitu vyake vya zamani, chini yake kuna machicha ya busaa yaliyokauka. Akatia maji ya uvuguvugu, unga, na kimea cha wimbi. Siku ya tatu kikaanza kutoa mapovu. Kila jioni alichota chachu ya kukandia, kisha akakilisha tena unga na kimea, na kesho yake kikajaa. Hakuna tone la busaa alilouza tena. Lakini chachu ilikuwa ile ile, na harufu ilikuwa ile ile.

"Na wewe umeokoka?" nilimwuliza siku aliponionyesha.

"Nilikiombea," akasema. "Nilikiwekea mkono juu nikakiambia, wewe pia umeokoka. Tangu siku hiyo kinafanya kazi ya Mungu."

Kwa miaka mitatu hakuna mteja aliyeuliza. Watu wa Kapsoit wangekwambia ng'ombe wa jirani ana mimba ya miezi mingapi kwa kumtazama kutoka barabarani, lakini hakuna aliyewahi kujiuliza mkate unavimba kwa nini. Walidhani ni tabia yake.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mwaka wa tisini na sita, Mzee Johana alikuja saa kumi jioni kuchukua mikate ya meza ya Bwana. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, kwa hivyo akazunguka nyuma. Yunia alikuwa ameenda mtoni. Mzee akaita, hakuitikiwa. Akasikia harufu. Akainama chini ya meza, akainua kifuniko, akaona mapovu yakipanda na kupasuka.

Mtu mwingine angesubiri aulize. Johana hakusubiri. Alikuwa ndiye aliyemdhamini yule mama kanisani, ndiye aliyesimama akasema tumbo limepona, na sasa aliona aibu yote inakuja kumwangukia yeye. Akafunika chungu, akaondoka bila mikate, akaenda moja kwa moja kwa naibu wa chifu. Kesho yake meza ya Bwana iliandaliwa kwa mkate wa dukani, na hakuna aliyeambiwa kwa nini.

Jumatatu saa moja asubuhi, foleni ikiwa imefika kwangu, naibu wa chifu akatokea na askari wawili. Aliitwa Kipkurui, kijana ambaye cheo chake kilikuwa na mwaka mmoja na kofia yake bado ilimzidi. Nyuma yao alikuja Mzee Johana akitazama viatu vyake.

"Mama, tumeambiwa umerudia pombe," Kipkurui akasema.

"Pombe gani?"

Askari walikuwa wameshaingia. Wakatoka na chungu, wamekibeba wawili, na harufu ikatembea kwenye foleni yote. Waliokuwa wameokoka walishika pua, na wale wengine walivuta pumzi.

Nilimsikia Yunia akishusha sauti, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. "Kipkurui mwanangu, hiyo usimwage. Hiyo ndiyo mkate."

"Mkate gani unachemka na hakuna moto?"

Akaashiria kwa mkono, na askari wakakimwaga chungu kwenye mtaro. Kazi ya miaka mitatu ikaenda na maji ya sabuni ya kinyozi. Yunia alibaki amesimama na kijiko cha mti mkononi. Kisha akaeleza, polepole, kama anayemweleza mtoto, kwamba kile kilikuwa chachu, kwamba ndicho kilichovimbisha kila mkate waliowahi kununua kwake, na kwamba tanuri humaliza pombe yote, hakuna anayelewa. Aliposema hivyo nilifunga macho, kwa sababu nilijua ameongeza maneno mawili zaidi ya yaliyohitajika: pombe yote.

Seth ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. "Kwa hivyo, Mzee Johana," akaanza, "ile mkate ya meza ya Bwana..."

"Nyamaza, Seth," Chelimo akasema.

Lakini karani hawezi kuacha hesabu katikati. "Miaka mitatu, kila mwezi mara moja. Ni mara thelathini na sita."

Mzee Johana akatazama mikono yake. Kuna mtu huko nyuma alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

Kipkurui naye alikuwa na matatizo yake. Ushahidi ulikuwa kwenye mtaro, sheria haikusema lolote kuhusu unga unaotoa povu, na bibi yake mzaa mama, asiye na jino hata moja, asubuhi hakula kitu kingine isipokuwa mkate wa Yunia uliolowekwa kwenye chai. Akafikiri sana. Mwishowe akachukua kifuniko cha chungu kama kizibiti, akaondoka nacho kwapani.

Kufikia saa sita mchana watoto wa shule walikuwa wakipita mbele ya duka wakiimba Mama Busaa. Yunia hakuwajibu. Hilo ndilo lililonitia hofu, kwa maana nilimjua.

Siku ya Jumatano akaitwa mbele ya wazee wa kanisa, akaniomba nimsindikize. Walikuwa wameketi kwenye viti vya watoto wa shule ya Jumapili, magoti yamefika kifuani. Johana ndiye aliyekuwa mwenyekiti lakini hakusema zaidi ya maneno ya kufungua. Mwingine akasoma mashtaka. Yunia alitakiwa asimame mbele ya kanisa atubu kwamba alilisha kundi la Bwana pombe kwa siri.

"Nionyesheni mmoja aliyelewa," Yunia akasema, "nitatubu kwa ajili yake."

Kisha mzee mmoja, mtu mnyoofu, akasema kwamba ni kweli kuimba kulikuwa na nguvu zaidi Jumapili za meza ya Bwana, na wenzake wakamtazama mpaka akanyamaza. Wakaamua Yunia akae benchi la nyuma miezi sita, asishiriki, asiimbe kwaya. Kwaya hakuwahi kuimba, lakini walimkataza.

Alijaribu kuendelea. Alinunua hamira ya dukani. Mkate ulivimba haraka na kuanguka haraka, na kufikia mchana ulikuwa unamwagika kama vumbi. Seth aliurudisha nusu yake.

"Huu hata ungekuwa mraba haufai," akasema, na hakukuwa na utani wowote katika sauti yake. Alikuwa na huzuni. Yunia akaupokea.

Foleni ikapungua. Wengine waliona haya kuonekana pale, wengine waliona haya lakini wangekuja kama mkate ungekuwa ule wa zamani. Wiki mbili baadaye, Jumatatu, hakufungua mlango. Nilienda nikamkuta anaipanga mikebe yake mmoja ndani ya mwingine.

"Jumamosi naenda Kisii," akaniambia. "Shemeji zangu watanipa hata pembe ya kulala. Hiyo mikebe uza, au panda maua."

Shemeji gani? Wale waliopanda mahindi mpaka mlangoni? Nilihisi hasira mpaka machozi yakanitoka, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Nikamwambia niende mimi kule kwenye laini, kwenye nyumba ya busaa, nimletee kikombe kimoja cha machicha, aanze chachu upya.

"Ukionekana wewe, watasema nimekutuma. Nikionekana mimi, wamenimaliza." Akaendelea kupanga mikebe. "Wacha, Mellen. Nimechoka kueleza watu mimi ni nani."

Kesho yake, Jumanne, Mzee Johana akaniletea koti lake jeusi. Bitana lilikuwa limechanika kwapani. Chelimo alikuja naye, akaketi kwenye kiti cha wateja. Mzee alikuwa amekonda. Alishika tumbo akiwa amesimama, akalishika alipoketi.

Nilikuwa na pini mdomoni, ndiyo maana sikumtukana mapema. Nilipozitoa, zikatoka zote pamoja na maneno.

"Mzee, nikuambie? Hukumwaga chungu. Umemwaga jina la mtu. Hata ungemwambia Yunia atoke Kapsoit aende zake, ingekuwa afadhali, kwa sababu angeondoka akiwa Mama Mkate. Sasa anaenda Jumamosi akiwa Mama Busaa, na hajaonja busaa tangu afungwe."

"Anaenda?" Johana akauliza.

"Jumamosi."

"Na hawezi kuanza tena hiyo... hiyo dawa ya mkate?"

Nikamweleza. Nikamwambia machicha yako wapi, na kwa nini Yunia hawezi kwenda, na kwa nini mimi siwezi. Nilikuwa namweleza tu ili aumie. Sikuwa na mpango wowote, na wanaosema nilimpangia wanadanganya.

Chelimo ndiye aliyezungumza. Alisema taratibu, mikono yake mapajani.

"Wewe ndiye ulimwaga, baba. Wewe utaleta."

"Mimi? Huko?"

"Miaka thelathini wewe unaambia watu hauonji. Kama wakikuona huko, nani atasema umeenda kulewa? Hiyo miaka yote ulikuwa unaweka ya nini?"

Mzee Johana akalichukua koti lake nusu limeshonwa, sindano ikining'inia, akatoka.

Alhamisi ni siku ya soko. Saa tano asubuhi alipita mbele ya mlango wangu amelivaa koti lile, sindano bado iko kwapani, na mkononi amebeba birika la kanisa. Hilo ni birika kubwa la bati, linalopikiwa chai ya wageni, na limeandikwa jina la kanisa kwa rangi nyekundu ubavuni. Sijui kwa nini alichagua hilo. Nadhani nyumbani Chelimo alimkatalia mengine yote.

Yaliyotokea kule kwenye laini tuliyapata kutoka kwa Seth, ambaye alikuwepo, kwa shughuli za ofisi, alisema. Mzee Johana aliinama akaingia mlangoni. Ndani kulikuwa na watu kumi na wanne, na tisa kati yao walikuwa wa kanisa lake. Mwimbaji wa besi alijaribu kutoka kwa dirisha, akakwama. Mweka hazina akafunika kikombe chake kwa kofia.

"Kaeni," Johana akasema. "Mimi nimekuja kununua tu."

Seth aliapa kwamba hayo maneno yaliwatisha kuliko kama angewakemea.

Akarudi saa saba, soko limejaa. Hakuzunguka kupitia mashamba ya chai, ambako hangeonekana na mtu. Alipita katikati, kwenye nyanya na vitunguu, kwenye mitumba, mbele ya hoteli ya chai, birika limejaa, povu linatoka kwenye mdomo wake na kuchuruzika juu ya jina la kanisa. Harufu ilimtangulia. Wanawake waliacha kupanga bei. Naibu wa chifu Kipkurui alikuwa amesimama mbele ya duka la nyama, akaona, akafungua mdomo, kisha akageuka kwa haraka akaanza kukagua mguu wa mbuzi. Nyuma ya mzee watu walianza kufuata, kwanza watoto, halafu watu wazima waliojifanya wanaenda upande huo, mpaka alipofika kwa Yunia alikuwa na umati.

Nilisimama mlangoni mwangu. Yunia alitoka, kitambaa kichwani, mfuko wa safari umeshafungwa nyuma yake. Alitazama birika, akatazama umati, akamtazama mzee.

"Chamgei, mama," Johana akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Chamgei."

"Nimeleta ile kitu. Ya kuanzisha mkate."

Kuna jambo lazima nilieleze hapa. Yunia angeijua busaa nzuri kutoka ng'ambo ya barabara, kwa pua tu. Alikuwa ameshaijua kabla mzee hajasimama. Lakini alikunja mikono kifuani.

"Sijui kama inafaa," akasema. "Ikiwa changa, mkate haitavimba. Ikiwa imepita, itakuwa chungu. Lazima ionjwe."

"Basi onja, mama."

"Mimi? Mimi nimeokoka, mzee. Sionji."

Mzee Johana alisimama pale, koti jeusi, na umati wote wa Kapsoit ukamzunguka, waliookoka na wasiookoka. Alimtafuta Chelimo kwa macho, akamwona amesimama kando ya kikapu cha kabichi, na Chelimo hakumsaidia. Yunia aliingia ndani akatoka na kikombe. Mzee akamimina kidogo. Akanywa.

Hakumeza mara moja. Aliishika mdomoni, akaigeuza huku na huku, akatazama juu kidogo, kisha akameza.

"Ni ya juzi jioni," akasema. "Wimbi yake ni nzuri. Mahindi ndiyo walikaanga sana, ikashika moshi. Lakini iko na nguvu. Itavimbisha."

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunaangalia mtu akivua miaka thelathini mbele ya soko, na alikuwa anaivua kwa hiari yake, kama mtu anayevua koti. Akaliweka birika mezani, pale mikate ilipokuwa ikipangwa, akatugeukia.

"Watu wakiuliza hii kitu ilitoka wapi, mseme ni Johana alileta. Si mama. Ni Johana." Kisha akamgeukia Yunia, na sauti ikapungua. "Mimi niliona chungu, sikukuuliza. Ningekuuliza. Jumapili nitakaa benchi ya nyuma, hapo kando yako, mpaka miezi yako iishe. Kama hautakataa."

Yunia alitazama birika kwa muda. Alikuwa na midomo iliyozoea kujibu, na niliona ikijaribu, ikashindwa.

"Njoo na mto," akasema hatimaye. "Hiyo benchi ni ngumu."

Akalibeba birika kwa mikono miwili, akaingia ndani, akafunga mlango. Umati ukabaki umesimama bila kujua la kufanya, kisha ukaanza kurudi sokoni mmoja mmoja. Mimi nikaketi kwenye cherehani yangu lakini sikukanyaga. Kupitia zile mbao zilizoachana nilimsikia Yunia akilia, kwa sauti, bila haya, kilio ambacho hakulia Omwenga alipokufa wala alipofungwa. Alilia mpaka akamaliza. Halafu nikasikia mfuko wa safari ukifunguliwa, na baadaye kidogo, unga ukichotwa.